Kabla ya kuitegemea programu huria, jua nani anaitawala

Kazi yangu ni kutunza seva za watu wasio na idara ya kompyuta: vyama vya wafanyakazi, shule, ofisi ndogo za umma, vikundi vya utetezi. Wakinipigia kuhusu programu mpya, swali la kwanza huwa bei. Nikijibu kwamba ni programu huria (open source), mtu anashusha pumzi na kufunga daftari. Mimi ndipo ninapofungua la kwangu. Uhuria unahusu haki zako juu ya msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu. Hausemi nani anaamua toleo lijalo litakuwaje, nani anaweza kukufungia mlango, wala sheria ya nchi gani inawabana hao wanaoamua. Hayo ni mambo ya utawala, na yanasomeka ukijua pa kutazama.

Utaratibu ninaoufuata unakula mchana mmoja kwa kila programu. Si lazima uwe mwandishi wa msimbo. Uwe mvumilivu tu, na usione haya kusoma ugomvi wa watu usiowajua.

Chukua karatasi na uandike swali moja juu yake: tutafanya nini siku wenye programu hii wakitugeuka, wakichoka, au wakikatazwa kutuhudumia? Kila utakachosoma baada ya hapo kitafutie nafasi chini ya swali hilo. Usipoliandika, utajikuta unalinganisha vitufe na rangi hadi jioni.

Leseni: isome mwenyewe

Fungua hazina ya msimbo, yaani mahali pa mtandaoni unapohifadhiwa, utafute faili la LICENSE au COPYING. Neno "huria" kwenye ukurasa wa matangazo lisikutoshe. Kwa kawaida utakutana na moja ya makundi matatu. La kwanza ni leseni legevu, yaani MIT, BSD na Apache 2.0: yeyote anaweza kuchukua msimbo, kuubadilisha, kuufunga na kuuuza, ilimradi awataje wenye asili. La pili ni ukoo wa GPL, uliozaliwa na mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Huu unadai kwamba ukigawa programu uliyoibadilisha, uugawe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. AGPL ya mwaka 2007 inakwenda mbele zaidi: hata kama hugawi programu yenyewe, unawahudumia watu kwa mtandao tu, watumiaji hao wana haki ya kupata msimbo ulioubadilisha.

Kundi la tatu ndilo linalowaponza watu. Ni leseni kama BSL na SSPL, ambazo msimbo wake unaonekana na kupakuliwa, lakini ndani mna katazo au sharti zito, mara nyingi likimlenga anayetaka kuuza huduma hiyohiyo. Open Source Initiative, taasisi iliyoanzishwa 1998 na inayotunza ufafanuzi wa programu huria, haizitambui. Kuruhusiwa kutazama ni kitu kimoja, kuruhusiwa kutumia na kurekebisha ni kingine. Mwaka 2019 Posta ya Uswisi ilionyesha msimbo wa mfumo wake wa kura za mtandaoni kwa waliojiandikisha na kukubali masharti yake. Machi mwaka huo watafiti walionyesha kasoro ambayo ingeruhusu kura zibadilishwe bila kugundulika. Kutazama kuliwasaidia raia, sikatai. Ila hakukuwapa haki ya kuuchukua mfumo huo na kuutengeneza wao.

Usidhani masharti ya leseni ni mapambo. Oktoba 2021 ilibainika kwamba Truth Social, mtandao wa kijamii wa Donald Trump, ulijengwa juu ya msimbo wa Mastodon, programu huria ya mitandao ya kijamii inayounganisha seva nyingi zinazojitegemea, ulio chini ya AGPL, na watumiaji wa majaribio hawakupewa msimbo. Software Freedom Conservancy, taasisi ya kutetea leseni hizi, ilikumbusha hadharani kwamba leseni inampa mkosaji siku 30 za kujirekebisha. Novemba msimbo ukawekwa wazi.

Vikundi vya utetezi huwa wananikatiza hapa: kumbe msimbo wetu unaweza kutumiwa na mahasimu wetu? Ndiyo. Ufafanuzi wa programu huria una vigezo 10. Cha tano kinakataza kubagua watu au makundi, na cha sita kinakataza kubagua aina ya shughuli. Mtandao wa Gab, unaojulikana kwa kuwakaribisha wanasiasa wa mrengo mkali wa kulia waliofukuzwa kwingine, ulihamia kwenye msimbo wa Mastodon mwaka 2019, na watengenezaji wa Mastodon hawakuwa na uwezo wa kuwazuia kwa leseni. Kilichofanya kazi ni kingine: wenye seva nyingi walikataa kuunganishwa nao, na baadhi ya waundaji wa programu za simu wakawazuia kuingia kupitia kwao. Wapo waliojaribu kutia maadili ndani ya leseni yenyewe, kama Hippocratic License ya mwaka huohuo, lakini leseni ya namna hiyo inakutoa nje ya ufafanuzi na inawatisha wanasheria wa kila taasisi ambayo ungependa ikutumie. Ushauri wangu: usihangaike kuandika katazo lako. Kama mna jambo la kukataa, likatalieni kwenye seva zenu na kwenye jina lenu.

Hakimiliki iko mikononi mwa nani

Kama una saa moja tu, itumie hapa. Watu wengi husoma leseni ya leo na kuishia hapo, wakati swali zito ni nani ana uwezo wa kuibadilisha kesho.

Fungua faili la CONTRIBUTING uone mchangiaji anatakiwa kukubali nini kabla msimbo wake haujapokelewa. Katika miradi mingine mchangiaji anathibitisha tu kwamba kazi ni yake au ana haki ya kuitoa. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, ilianza utaratibu huo mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka uliotangulia ikidai msimbo wake umepenyezwa humo. Hakimiliki inabaki kwa maelfu ya watu, wengine wamekwishafariki, na hakuna anayeweza kuwakusanya wote watie saini leseni mpya. Kwa kampuni ni usumbufu, kwako wewe unayeitegemea ni kinga.

Miradi mingine inakudai mkataba ambao unaipa kampuni moja haki ya kutoa kazi yako kwa leseni yoyote itakayopenda. Ukiuona mkataba huo, andika kwenye karatasi yako, kwa herufi kubwa, jina la kampuni hiyo. Ndiyo itakayoamka asubuhi moja na kubadilisha masharti. MongoDB (hifadhidata) ilifanya hivyo Oktoba 2018, Elastic (yenye mtambo wa utafutaji Elasticsearch) Januari 2021, HashiCorp kwa Terraform (zana ya kusimamia seva) Agosti 2023. Redis, hifadhidata nyingine, ilifuata Machi 2024, na yenyewe haikuhitaji hata mkataba, kwa kuwa leseni legevu ya BSD inamruhusu mtu yeyote kuyafunga matoleo yajayo. Malalamiko ya kampuni hizi yana ukweli ndani yake: majitu ya huduma za wingu (seva za kukodi kwa mtandao) yalikuwa yakiuza kazi yao na kurudisha kidogo. Lakini sijaona kwa nini mtu aliyerekebisha hitilafu usiku, kwa hiari yake, ndiye agharimie ugomvi wa matajiri wawili.

Sasa, leseni ya zamani haifutiki. Toleo lililokwisha kutoka kwa masharti huria linabaki huria, na yeyote anaweza kulichukua na kuanza mradi uliojitenga. Ndivyo ilivyozaliwa OpenSearch kutoka Elasticsearch, OpenTofu kutoka Terraform, Valkey kutoka Redis. Shinikizo lilifanya kazi pia: Elastic iliongeza AGPL mwaka 2024, Redis mwaka 2025. Ukisoma habari hizi harakaharaka utaona kama mambo hujisawazisha yenyewe. Tazama tena nani aliubeba mzigo. OpenSearch ilibebwa na Amazon. OpenTofu na Valkey ziliingia chini ya Linux Foundation, taasisi inayolea miradi huria, zikiwa na kampuni zenye waandishi wa msimbo wa kulipwa. Jiulize programu yako ya kutunza rejista ya wanachama ikifungwa, ni Amazon gani itakuja kuiokoa.

Wakati mwingine jamii yenyewe hubeba. Oracle ilipoinunua kampuni ya Sun mwaka 2010, wachangiaji wa OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyokuwa chini ya Sun, hawakusubiri waone. Septemba mwaka huo walijitenga, wakaunda The Document Foundation na kuita kazi yao LibreOffice. Waliweza kwa sababu walikuwa wengi, walikuwa wamezoea kufanya kazi pamoja, na baadhi yao walikuwa na waajiri waliowaunga mkono. Jina hawakuweza kwenda nalo. Leseni inakupa msimbo, alama ya biashara inabaki kwa mwenyewe, na ndiyo maana kila mradi uliojitenga huzaliwa na jina jipya na kuanza kujitambulisha upya. Kwa hiyo ongeza swali dogo: jina la programu hii limesajiliwa kwa nani? Likiwa la taasisi isiyo ya biashara, vizuri. Likiwa la mtu mmoja au kampuni moja, liandike.

Nani hasa anafanya kazi

Pakua hazina nzima kwa Git, zana inayotunza msimbo na historia yake, kisha, ukiwa ndani yake, andika amri hii:

git shortlog -sn --since="1 year ago"

Utapata majina, kila moja na idadi ya mabadiliko aliyoingiza kwa mwaka uliopita. Usishangilie urefu wa orodha. Hesabu ni majina mangapi ya juu yanafikisha nusu ya kazi yote. Yakiwa kumi na kitu, yenye waajiri tofauti, tulia. Likiwa moja, mtafute huyo mtu: ameajiriwa na nani, na analipwa kwa kazi hii au anaifanya akitoka kazini? Kisha fanya hivyohivyo kwa programu ndogo zilizo chini yake, angalau zile tatu au nne ambazo bila hizo kubwa haiwaki.

Mfano wa xz nautolea kila mara, na kila mara naona nyuso zikibadilika. Ni zana ya kubana data iliyomo karibu kwenye kila mfumo wa Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mwaka 2022 yalitokea majina yasiyojulikana yakimshinikiza kwamba anachelewa na amkabidhi mwingine, huku yeye akieleza wazi kwamba hali yake ya afya ya akili si nzuri. Msaidizi alikuwa tayari pembeni, akijiita Jia Tan, mpole na mchapakazi. Alipewa madaraka. Februari 2024 toleo 5.6.0 lilitoka likiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva. Mwishoni mwa Machi mhandisi Andres Freund aliligundua, kwa kuwa aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta kwa mbali) kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, akakataa kulipuuza.

Wengi wanakisimulia kisa hiki kama cha usalama wa kompyuta. Mimi nakisoma kama kisa cha kazi na mfanyakazi. Silaha ya kwanza ilikuwa ukali wa maneno dhidi ya mtu aliyechoka. Kwa hiyo ukishamaliza kuhesabu majina, nenda kwenye orodha ya hitilafu zilizoripotiwa usome watumiaji wanavyozungumza na watunzaji. Mahali ambapo watu wanadai kama walionunua, na mtunzaji anajibu kwa maneno mawili au hajibu kabisa, weka alama. Watu wa namna hiyo huwa wanaondoka, na hawaagi.

Ukiwa hukohuko, tafuta kanuni za maamuzi. Debian, mfumo uliojengwa juu ya Linux, ina mkataba wa kijamii tangu 1997, ina katiba, na kila mwaka watengenezaji wake humpigia kura kiongozi. Python, lugha ya kuandikia programu, ilitawaliwa na muasisi wake, Guido van Rossum, hadi Julai 2018 alipojiuzulu baada ya mabishano makali juu ya nyongeza moja ya lugha. Wachangiaji walijadili mifumo kadhaa ya utawala, wakaipigia kura, wakachagua baraza la watu 5. Mradi usio na kanuni zilizoandikwa unatawaliwa na mwenye nywila. Soma basi ugomvi mmoja mkubwa tangu mwanzo hadi mwisho uone ulimalizwaje: kwa kura, kwa hoja, kwa amri, au kwa upande mmoja kunyamaza. Mimi ugomvi hunifundisha kuliko kurasa zote za maelezo rasmi.

Sheria za nchi za watu

Msimbo hauna pasipoti, lakini wanaouhifadhi wanazo. Julai 2019 GitHub, ghala la mtandaoni la msimbo ambalo ni mali ya Microsoft, iliwawekea vizuizi watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kwa kufuata vikwazo vya Marekani. Wa Iran walifunguliwa Januari 2021 baada ya kampuni kupata kibali cha serikali. Oktoba 2024 watunzaji kadhaa wenye uhusiano na Urusi waliondolewa kwenye orodha ya watunzaji wa kernel ya Linux, tena kwa sababu ya vikwazo, na Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliutetea uamuzi huo. Hakuna leseni iliyobadilika katika visa hivyo viwili. Haki ya kuusoma msimbo ilibaki palepale. Kilichokatwa ni nafasi mezani. Taasisi ya RISC-V, inayosimamia muundo huria wa vichakataji, iliona mbali: mwaka 2020 ilihamisha usajili wake kutoka Marekani kwenda Uswisi, wanachama wake wakihofia siasa za namna hiyo.

Andika basi kwenye karatasi: mwenye mradi amesajiliwa wapi, na msimbo umehifadhiwa kwa nani. Halafu jiwekee nakala yako. Amri ni git clone --mirror ikifuatiwa na anwani ya hazina, kwenye diski mnayoimiliki, na seva iisasishe yenyewe kila wiki. Kumbuka Git inabeba msimbo na historia yake tu. Mijadala, ripoti za hitilafu na mara nyingi mafaili yaliyokwisha kufungwa tayari kusakinishwa viko nje yake. Vihifadhi kando, hasa maelekezo ya usakinishaji. Na jaribu mara moja kusimamisha programu kutoka kwenye nakala hiyo huku intaneti imezimwa. Wengi hugundua hapo kwamba kumbe inavuta vipande vingine ishirini kutoka mahali wasipopajua.

Kuhusu fedha sitakuchosha. Tafuta nani anatoa na kwa muda gani. Hitilafu ya Heartbleed ilipofichuka Aprili 2014, dunia iligundua kwamba OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti, ilikuwa ikipata michango ya kama dola 2,000 tu kwa mwaka. Ujerumani ilianzisha Sovereign Tech Fund mwaka 2022 kwa ajili ya misingi ya aina hiyo. Mradi unaokula kwa mfadhili mmoja uandike hivyohivyo.

Uamuzi ukipelekwa barazani

Kama unaifanyia kazi ofisi ya umma, usidhani ubora wa programu ndio utakaoilinda. Jiji la Munich liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na baada ya kazi ya miaka kompyuta karibu 15,000 zilikuwa zimehama. Mwaka 2017 baraza la jiji lilipiga kura kurudi Windows. Meya alikuwa mwingine, malalamiko ya wafanyakazi yalikuwa yamelundikana, mengine yakiwa hayana uhusiano wowote na Linux, na hapakuwa na watu wa kutosha nje ya idara ya kompyuta waliokuwa tayari kuutetea mradi. Mwaka 2020 muungano mpya ukaandika tena kwamba programu zinazolipiwa na umma ziwe huria inapowezekana. Jimbo la Schleswig-Holstein nalo lilitangaza mwaka 2024 kuhamishia LibreOffice kompyuta 30,000, na safari hii hoja yao kuu ilikuwa mamlaka juu ya data ya raia, gharama ikafuata nyuma.

Nafuata mkondo huo. Ukimwambia diwani kwamba utaokoa fedha za leseni, mwaka wa kwanza atakuuliza mbona mafunzo yamegharimu. Mwambie badala yake nani atakuwa na uwezo wa kuzima mfumo wa ofisi yake bila kumuuliza. Na kabla ya kura, wakalishe pamoja makarani watakaoutumia kila siku, wauchokonoe, walalamike, na malalamiko yao yashughulikiwe kwanza. Karani mmoja anayesema "inanifaa" mbele ya baraza ana uzito kuliko slaidi zangu zote.

Kama mnamlipa mtu kuwaandikia programu, sharti liingie kwenye mkataba kabla ya saini: msimbo wote uliolipiwa unawekwa tangu wiki ya kwanza kwenye hazina inayodhibitiwa na ofisi, chini ya leseni iliyotajwa kwa jina na namba ya toleo, pamoja na maelekezo ya kuusakinisha upya. Mkandarasi akikwambia atakabidhi mwisho wa mradi, kataa. Mwisho wa mradi ndipo pande mbili zinapokuwa hazisemezani.

Karatasi yako sasa ina leseni, mwenye hakimiliki, mwenye jina, majina yanayobeba nusu ya kazi, namna wanavyoamua, nchi ya usajili, chanzo cha fedha. Chini yake andika jibu la lile swali la juu, kwa vitendo: nakala iko wapi, programu mbadala ni ipi, data inatoka kwa muundo gani, nani atafanya kazi ya kuhama. Kama jibu ni "hatujui", si lazima muiache programu. Mnaweza kuupunguza udhaifu huo wenyewe, kwa kuchangia fedha kila mwaka au kwa kumpa mfanyakazi wenu mmoja saa chache kila wiki atafsiri, ajaribu matoleo mapya, ajibu maswali ya watumiaji wengine. Baada ya muda jina lake litaonekana kwenye shortlog, na kura ikipigwa kwenye mradi mtakuwa na mtu ndani ya chumba.

Weka tarehe ya mwaka ujao kwenye kalenda ya ofisi, urudie ile amri ya git, ulinganishe majina.